Mgomba Hauna Mfupa

Kopo lenyewe lilikuwa la majani ya chai. Picha ya nje imefutika kwa kushikwashikwa, imebaki rangi ya kijani kidogo karibu na kifuniko. Ndani mna vichwa vya risasi, vile tulivyokuwa tukichimba kutoka kwenye nyama za wanyama miaka yote niliyofanya kazi ya porini. Ukilitikisa linalia kama kibuyu chenye mbegu. Mke wangu, Mungu amlaze, alikuwa akilificha kila tukipata wageni, akisema mtu mzima hawezi kuwekea wageni kopo la mauti karibu na sukari.

Sasa ninyi vijana mnaonijia hapa Bwera, hasa mliopata kazi mbugani, swali lenu ni moja. Mzee, risasi gani ni nzuri? Mnauliza kama mtu anayeuliza njia ya kwenda sokoni. Nami sijibu haraka, nawaambia kwanza vuteni kiti. Maana jibu langu lina mguu wa mtu ndani yake. Ni mguu wa kulia wa Mzee Baluku, ulioumia kwa sababu mimi siku moja nilidhani nimeshajua risasi gani ni nzuri.

Mimi ni Kule. Kwetu Wakonzo jina linakuambia mtu alizaliwa wa ngapi, kwa hiyo mkisikia Kule mjue mbele yangu kuna kaka watatu waliokula nyama kabla yangu. Baluku, mpigaji niliyefanya naye kazi, alikuwa wa tatu kwao. Alipenda kunikumbusha hilo, ingawa hatukuzaliwa nyumba moja wala kilima kimoja. Shule niliiacha darasa la tatu, mwalimu alihama nami nikahama. Kiswahili nilikipata kwa askari wa kambini Kasese, kingine nikakipata hapa mpakani kwa Wakongo, ndiyo maana kina viraka. Kazi yetu ilikuwa kuwazuia wanyama waliovuka kutoka mbugani wakaingia kwa watu: viboko kwenye mahindi, ngiri kwenye mihogo, na mara chache, mara ambazo huwezi kuzisahau, mbogo.

Lakini kwanza niwaambie risasi inavyokwenda, maana hilo ndilo linalonijia hadi leo nikikaa hapa nje asubuhi, milima ikiwa bado imejifunika ukungu wake na mimi sijui kama nimeamka au bado.

Watu wanadhani risasi inakwenda moja kwa moja. Hapana. Risasi inaanza kuanguka tangu inapotoka mdomoni mwa mtutu. Inaanguka kama embe, kama jiwe, kama machozi. Ila inakimbia sana hivi kwamba inafika kabla hatujaona kuanguka kwake. Ndiyo maana mtutu tunaulekeza juu kidogo, kidogo tu, na risasi inapanda mgongo mdogo angani kisha inashuka, kama mtu anayevuka kilima kutoka Kilembe. Ukimpiga swala wa karibu ukalenga kama yule wa mbali, risasi inapita juu ya mgongo wake naye anakutazama kwa huruma. Mimi nimetazamwa hivyo.

Iliyo nyepesi inakimbia zaidi, na mgongo wake angani ni mfupi, hata ukikosea kukadiria umbali kidogo inakusamehe. Iliyo nzito inakwenda polepole kama mzee aliyebeba mkungu wa ndizi, inaanguka mapema, inakutaka ujue umbali vizuri. Lakini upepo ukija, ule wa mchana unaoshuka mlimani na kutawanyika uwandani, ile nyepesi husukumwa kama karatasi. Mzee mwenye mkungu husukumwa kidogo tu. Akifika, amefika na mzigo wake wote.

Kuna mambo mengine hakuna aliyenifundisha. Joto, kwa mfano. Siku moja tuliacha boksi la risasi mbele ya gari, juani Kasese, jua lile linalokaanga mabati. Mchana zile risasi zote zikapiga juu, kiganja kizima juu ya alama. Nikaitukana bunduki, nikaigeuza shabaha, nikaharibu kilichokuwa kizima. Jioni kukapoa, zote zikapiga chini. Baluku alikuwa amekaa kwenye jiwe akila karanga. Akaniuliza kama nimemaliza kugombana na bunduki, kisha akaniambia baruti nayo ni kama watu, ikichomwa na jua inakuwa na hasira zaidi. Tangu siku hiyo risasi zangu nilizibeba kifuani, ndani ya shati, zikae na joto langu.

Na maji. Msimpige kiboko aliye majini mkiwa chini ya ukingo, mkitazama maji kwa ubavu. Risasi inagusa maji na kuruka kama kijiwe cha watoto, haijulikani inakwenda kwa nani. Nimeisikia ikilia ikipotea upande wa pili, sauti nyembamba, nzuri hata, kama mtu anayeimba akiondoka. Wote tulikaa kimya tukisubiri tusikie kama kuna mtu atapiga kelele huko. Hakuna aliyepiga. Mpaka leo namshukuru yule ambaye hakuwa amesimama pale.

Sasa kopo.

Baluku ndiye aliyeanzisha. Mnyama akianguka, kabla ya kisu cha nyama huja kisu cha risasi. Unafuata njia yake kwa kidole, kuanzia pale ilipoingia, polepole, unasoma: hapa ilikuwa bado nzima, hapa ilipinda, hapa ilifunguka, hapa ilichoka. Unaitoa, unaiosha, unaitazama. Tumbo la risasi ni laini, la kijivu, ukilikwaruza kwa ukucha linaacha alama. Juu yake limevikwa koti la shaba. Kuna zile tulizoita ngumu, koti limefunika kichwa chote, zinapita mwilini kama sindano. Na kuna za pua laini, koti limeachwa wazi mbele, zikigonga nyama zinafunguka kama ua na kusimama humo ndani. Kila moja ina kazi yake. Swala ukimpiga na ngumu, inapita tu, anakimbia hadi kesho na kidonda kidogo. Tena kama kuna mwingine nyuma yake, umewapiga wawili na hujui.

Vichwa hivyo nilikuwa nikivipima. Hapa Bwera wakati huo palikuwa na mnunuzi wa dhahabu, Papa Kambale, Mkongo mwenye tumbo na mizani ndogo sana, ile ya sahani mbili za shaba inayotetemeka ukipumua. Nilikuwa nashuka kwake na kichwa kipya cha risasi na kile kilichotoka kwa mnyama. Kipya sahani hii, kilichochimbwa sahani ile, na upungufu tunaujaza kwa mbegu za ulezi mpaka mizani itulie. Mara ya kwanza alidhani nimemletea mali. Alipoona akasukuma kiti nyuma.

"Papa Kule, hii haiko dahabu. Hii iko takataka ya kuua mutu."

Nikamwambia ya kuua ngiri. Akasema ngiri naye ana mama yake. Lakini alipima. Na baadaye alizoea, mpaka yeye ndiye aliyekuwa akiniuliza nikipita wiki mbili bila kuja. Alikuwa na hukumu zake mwenyewe. Kichwa kilichopoteza mbegu chache alisema, hii ilikufa kidogo. Kilichopoteza nyingi, hii ilikufa mingi. Sijasikia mtu mwenye shule aliyelisema vizuri zaidi.

Basi zikaja risasi mpya. Za bunduki yetu kubwa ileile, ila nyepesi zaidi, pua laini, zinang'aa, na aliyezileta alisema zina mbio ya ajabu. Baluku akanipa kazi ya kuzijaribu. Alisema macho yake ya karibu yanamwacha, na kwamba mimi ndiye ninayependa kuuliza uliza, basi niulize.

Nami nikauliza. Nyumbani kwetu upepo ulikuwa umeangusha shamba zima la migomba. Nikakata magogo, nikayapanga mstari, moja nyuma ya jingine, kama watu wanaongoja dawa. Unajua mgomba ulivyo, maji matupu yaliyofungwa kwa nyuzi. Nikapiga ile ngumu ya zamani. Ikapita magogo yote, ikaingia kwenye kichuguu nyuma, sikuipata tena. Nikapiga ile mpya. Loo. Gogo la kwanza lilipasuka maji yakaruka juu ya kichwa changu, la pili likafunguka, na ndani ya la tatu nikaikuta imelala, imefunguka majani manne, sawasawa, nzuri, hata sitaki kusema jinsi nilivyoifurahia. Niliikausha kwa shati. Nikapiga nyingine, na nyingine. Zote maua. Papa Kambale akapima akasema, hii haikufa hata.

Nikamwambia Baluku tumepata risasi ya maisha. Inaingia, inafunguka, inaacha nguvu zake zote ndani, haipotei vichuguuni. Akaligeuza geuza lile ua mkononi. Akauliza, na mfupa? Nikamwambia kitu kinachopasua magogo mawili kitashindwaje na mfupa. Hakujibu, na mimi nilidhani mtu asiyejibu amekubali.

Hapa niwaeleze desturi ya Baluku, maana bila hiyo hamtaelewa. Kwake mpigaji hakuchagua risasi yake mwenyewe. Mwenzake anayemfuata nyuma ndiye aliyechagua. Mpigaji anasimama akitazama porini, anapeleka mkono nyuma ya mgongo, kiganja wazi, na mwenzake anaweka. Haangalii. Anapitisha kidole gumba kwenye pua ya risasi, anajua ni ipi, anajaza. Nilimuuliza kwa nini. Akasema la kwanza, macho yasiondoke porini. La pili, kama ni kufa, tufe tukiwa tumekubaliana. Wazee wetu wanasema wanyama wa pori wana mchungaji wao, Kalisya, na huwezi kumchukulia mnyama wake ukiwa na mashaka wewe na mwenzako. Mimi ni mtu wa kanisa, lakini kiganja kile kikifunguka mbele yangu nilikuwa nahisi kitu mgongoni.

Ilikuwa ni mbogo dume, mzee, anayeishi peke yake, wa kule chini uwandani upande wa ziwa. Waya wa mtego ulikuwa umemkata mguu wa nyuma ukabaki humo, na maumivu yalimfanya awe na kinyongo na kila kitu kinachotembea. Alikuwa ameshamuua mchuuzi mmoja wa samaki njiani, na baiskeli yake alikuwa ameikunja kama waya. Wanawake waliacha kupita. Tukatumwa.

Tulikwenda watatu. Baluku na bunduki kubwa. Mimi nyuma yake na ile ya pili ya aina hiyohiyo, imejaa risasi ngumu za zamani, kwa sababu moja tu: zile mpya zilikuwa chache nami nilizihifadhi kwa ajili yake, kama mtu anayempa mgeni kipande kizuri cha nyama. Na wa tatu alikuwa Afande, mkubwa wa kikosi kutoka kambini, mtu wa kaskazini, mrefu, aliyekuja kuhakikisha kazi inakwenda. Yeye alikuwa na bunduki yake ya jeshi na sauti. Tukisimama kusoma nyayo anasema, "Nyinyi nasimama nafanya nini? Songa mbele." Baluku anamwambia, ndiyo Afande, halafu anaendelea kusimama.

Asubuhi ile uwanda ulikuwa mzuri hata unasahau kilichokuleta. Ukungu ulikuwa umelala kwenye nyasi, juu yake imejitokeza miti ile ya miba yenye utomvu mweupe, mmojammoja, kama watu waliosimama majini. Nyayo zilikuwa mbichi, tatu nzuri na moja ya kuburuta. Karibu na kichaka Baluku akasimama. Akapeleka mkono nyuma, kiganja kikafunguka.

Nikaweka zile mpya. Gumba lake likapita kwenye pua, likatulia.

"Una hakika?" alisema bila kugeuka.

Nikasema, "Mgomba umeshasema, mzee."

Mabega yake yakacheka kidogo, akajaza.

Mbogo alitoka kichakani hatua labda ishirini na tano kutoka kwetu, ubavu kidogo, bega mbele. Baluku akapiga mahali pale ambapo kila mtu angepiga, katikati ya bega, chini kidogo. Nilisikia risasi ikigonga. Ukiifanya kazi hii muda mrefu unajua sauti. Nyama inasema pu, kama kofi kwenye gunia la pamba. Hii ilisema ka, kavu, kama mtu aliyevunja sahani chumba cha pili. Mbogo akayumba, akageuza kichwa, akatuona. Akaja.

Sasa hapa muda ulifanya jambo nisiloweza kueleza. Ulinyooka. Nakumbuka umande kwenye pembe zake. Nakumbuka ndege mweupe akiruka kutoka mgongoni kwake bila haraka, kama anayeshuka kwenye gari kituoni. Nakumbuka Baluku akipiga tena, na vumbi likiruka begani palepale, na mbogo haambiwi kitu. Kisha sikumwona Baluku, nilimwona mbogo peke yake, amenyoosha pua, kifua chake kimefunguka mbele yangu kama mlango. Nikapiga. Ile ngumu, ya zamani, isiyopendwa. Alipiga magoti, akateleza kwa magoti yale, akaanguka. Mguu wa Baluku ulikuwa chini yake.

Nikamwita Afande aje tusukume. Hakuja. Nikaita tena. Sauti ikatoka juu. Alikuwa amepanda ule mti wa utomvu, mti ambao hata nyani hapandi, na ule uji mweupe ulikuwa umemwingia machoni. Alikuwa juu analia, haoni pa kukanyaga ashuke. Baluku, amelala chini ya mbogo, akauliza Afande yuko wapi. Nikamwambia. Akacheka, kisha kucheka kukageuka kitu kingine, na ndipo nikajua mguu umevunjika.

Watu wa njiani walikuja wakasukuma. Kabla gari halijafika Baluku aliniambia jambo moja tu: chimba. Nilitaka kukaa naye. Akasema kukaa kwako hakutaunga mfupa, chimba. Basi nikachimba. Risasi zake mbili sikuzikuta, nilikuta makombo. Vipande kama meno ya mtoto, ndani ya nyama ya bega, kina cha vidole vitatu. Mfupa ulikuwa umepasuka juujuu tu. Ile yangu niliitafuta kifuani, tumboni, nikaikuta kule mwisho karibu na nyonga, chini ya ngozi, nzima kabisa, kama iliyotoka dukani. Ilikuwa imetembea mbogo mzima.

Niwaambie kosa langu, maana wengi walinifariji kwa kusema ni bahati mbaya. Mgomba hauna mfupa. Ni maji tu. Risasi nyepesi yenye pua laini ikikuta maji inajifungua kwa adabu. Ikikuta mfupa wa mbogo ikiwa bado na mbio zake zote, inapasuka. Na hili ndilo watu hawaamini: kadiri mnyama alivyo karibu ndivyo inavyopasuka zaidi, maana haijapunguza mwendo. Mbali kidogo ingeshikamana vizuri. Nilijaribu risasi yangu kwa kitu kilichokuwa tayari kuanguka, kilichoangushwa na upepo, kisha nikaipeleka kwa kitu kilichokuwa kinataka kuishi.

Vipande nilimpelekea Papa Kambale. Sijui nilitaka nini. Alivitia sahanini, akachukua mfuko wa ulezi, kisha akaurudisha mezani bila kuufungua.

"Hii ilikufa yote, Papa," alisema. "Na mwenye bunduki?"

Nikamwambia yuko hospitali. Akafunga duka mchana kweupe, akanunua mikate, tukapanda boda moja watatu na dereva, tumbo lake limenibana mgongoni njia nzima.

Baluku alikuwa kitandani, mguu umefungwa juu. Kitanda cha pili alikuwa Afande, macho yamefungwa bandeji. Kwa hiyo tuliongea Kiswahili, asije akadhani tunamsengenya kwa Lhukonzo. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nimeupanga njiani. Nilipofungua mdomo Baluku akanyoosha mkono apewe vile vipande na ile nzima. Akavipapasa kwa gumba, kimojakimoja, muda mrefu.

"Kule," akasema, "weye uliuliza mgomba. Mgomba ilikujibu mambo ya mgomba."

Basi. Akanirudishia vyote. Afande kutoka gizani kwake akauliza huo mgomba ni nani, na ni wa kikosi gani.

Walidhani Baluku hatarudi kazini. Miezi ilipita. Mimi nilipewa bunduki kubwa nikaikataa, nikabaki mfuata nyayo, na huko nyuma nikawa na kazi yangu ya siri. Nilienda kwa mwenye bucha mjini Kasese nikamwomba mifupa ya bega ya ng'ombe. Alidhani nimekuwa maskini sana akanitilia na nyama kidogo. Niliifunga ile mifupa kwa magunia yaliyolowa, nikaiweka mbele ya magogo ya migomba, nikaipiga kwa karibu, kwa mbali, kwa ubavu, risasi nyepesi, nzito, laini, ngumu, na zile nzito zenye pua laini na koti nene ambazo baadaye tulizipata. Hizo za mwisho zilivunja mfupa, zikafunguka kidogo kwa aibu, zikaendelea hadi gogo la pili. Ua lake lilikuwa baya, limepinda. Sikuwahi kuona ua zuri hivyo.

Siku Baluku aliporudi alikuwa na fimbo, mguu wa kulia umekuwa mfupi kuliko mwenzake, anatembea kama mtu anayesikiliza kitu ardhini. Hatukuzungumza habari ile. Tulitumwa bonde la mihogo, si mbogo, ngiri tu, kazi ndogo. Nilimfuata nyuma nikijua kwamba leo atajichagulia mwenyewe, na kwamba ana haki, na kwamba nikiona mkono wake ukiingia mfukoni kwake mwenyewe nitarudi nyumbani nilime vitunguu. Akasimama. Akaegemeza fimbo kwenye nyonga. Akatazama mbele kwa muda. Kisha mkono ukaja nyuma.

Kiganja kilikuwa wazi.

Niliweka. Gumba lake likapita kwenye pua, likatulia mahali pale pale. Nilingoja swali. Aliijaza bunduki, akachukua fimbo yake, akaendelea kutembea.

Tulifanya kazi pamoja mpaka akastaafu, na alikufa mzee, kitandani kwake, mvua ikinyesha. Papa Kambale naye alirudi kwao ng'ambo. Ile mizani sijui iko wapi.

Juzi mjukuu wangu Masika alikuja kuniaga. Ameajiriwa Mweya, kule mbugani, ana viatu vipya vinavyolia. Alinionyesha kwenye simu yake Wazungu wakipiga risasi ndani ya kitu kama mafuta ya kupaka yaliyoganda, kinapitisha mwanga, na risasi inaingia polepole, polepole sana, inafungua majani yake kama ua linaloota asubuhi. Niliomba anionyeshe tena, na tena. Ni kitu kizuri mno kukitazama, kilinirudisha shambani kwetu na maji ya mgomba yakinidondokea usoni. Nikamwambia wale wamepata mgomba wa kioo, ni wazuri, ila uliza mfupa uko wapi. Akasema, "Babu, hadithi ya Baluku ushaniambia tangu niko mtoto." Ni kweli.

Alibeba mkoba wake, boda ikawa inamngoja inanguruma barabarani. Mlangoni akasimama, amenipa mgongo, anaitazama milima. Nikadhani amesahau kitu. Kisha akapeleka mkono nyuma, akafungua kiganja.

Nikafungua kopo. Ile ngumu iliyotembea mbogo mzima ilikuwa juu, inang'aa, niliishika. Nikairudisha. Nikachimba chini kabisa, kwenye bahasha ya dawa iliyochakaa, nikammiminia vile vipande vya begani mwa mbogo.

Gumba lake likapita juu yavyo, taratibu, kimoja baada ya kingine. Hakuuliza ni nini. Alifunga ngumi, akaenda.